Kuuma na Kupuliza: Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Kuchekesha Kuhusu Vijana Chini ya Utawala wa Kiimla

Husemwa kwamba panya akimng'ata aliyelala, humpuliza. Mtu haamki. Asubuhi anapokanyaga chini ndipo anapogundua kisigino kimeliwa. Riwaya ya kuchekesha kuhusu vijana waliokulia chini ya utawala wa kiimla hufanya kazi hiyo hiyo. Kicheko ndiyo pumzi, madhara ndiyo meno, na ufundi wote uko katika kujua lini upulize na lini uume. Miswada mingi ya aina hii huharibika kwa kuegemea upande mmoja. Mwandishi akipuliza tu, anapata vichekesho vya jukwaani. Akiuma tu, anapata ripoti ambayo msomaji ataiheshimu na kuiweka rafuni bila kuimaliza.

Anza na amri, dikteta asubiri

Kosa la kwanza, na ndilo kubwa, ni kufungua kitabu kwa mtawala: medali zake, kitambi chake, hotuba ya saa sita. Kijana wa miaka 17 hamjui mtawala. Anaijua picha yake ukutani basi. Anachokijua vizuri ni amri zinapomfikia yeye mwenyewe: kwenye nywele, kwenye suruali, kwenye muziki, kwenye jina aliloitwa na mama yake.

Historia imejaa mifano. Malawi ya Kamuzu Banda ilitunga sheria ya mavazi mwaka 1973. Wanawake walikatazwa suruali na sketi zinazoonyesha magoti, na wanaume walikatazwa nywele ndefu. Zaire ya Mobutu iliwataka wananchi mwaka 1972 waache majina ya Kikristo, na tai ikageuka vazi la kutiliwa shaka. Ujerumani Mashariki iliamua mwaka 1958 kwamba katika kumbi za dansi, nyimbo 60 katika kila 100 zitoke nchini humo au kwenye nchi rafiki za kijamaa. Mwaka uliofuata ikatangazwa dansi mpya iliyobuniwa Leipzig, jina lake Lipsi, ili vijana waiache rokirol. Vijana hawakuitaka. Romania mwaka 1983 iliamuru kila mwenye mashine ya taipu aiandikishe polisi na kupeleka sampuli ya herufi zake, ili karatasi yoyote ya uchochezi iweze kufuatiliwa hadi kwenye mashine iliyoichapa.

Zitazame amri hizo kwa makini kabla hujatunga yako. Kila moja ina sababu ambayo mkuu fulani anaweza kuieleza mbele ya watu bila kucheka. Kila moja inahitaji mtu wa kuhesabu, kupima au kuandika kwenye daftari. Nani huhesabu zile nyimbo 60? Je, mpiga muziki akizipiga zote mapema, ukumbi ukiwa bado mtupu, amevunja sheria? Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayozaa matukio, kwa hiyo yaandike yanapokujia.

Sasa chukua daftari utunge amri zako. Kwa riwaya nzima zinatosha tano hadi saba, moja ikiwa ndiyo mama. Zikizidi hapo, msomaji anaacha kuogopa. Nchi ambamo kila kitu ni kichaa haina hatari inayoeleweka, na mtu haogopi asichokielewa, anashangaa tu. Kwa kila amri andika mambo manne: maneno yake kamili kama yatakavyobandikwa ukutani, nani anaitekeleza, nani anafaidika nayo kimya kimya, na adhabu yake ni nini. Hilo la tatu wengi hulisahau. Amri ya kukata nywele humtajirisha kinyozi fulani, na kinyozi huyo huwa mtetezi wa dola kuliko waziri.

Fuata amri mpaka ukingoni

Tuchukue amri moja ya kubuni: "Kuanzia tarehe 1 mwezi ujao ni marufuku mtu yeyote kupiga mluzi, kwa mdomo, kwa vidole au kwa kifaa, ndani au nje ya nyumba. Imebainika kuwa adui anatumia miluzi kupeana habari." Usiichekee. Iamini, kisha uliza nini kitafuata. Mwamuzi wa mpira atapeperusha kitambaa, na wachezaji watasema hawakukiona. Birika la chai litatolewa mfuniko kabla maji hayajachemka. Na kuna kijana mwenye pengo la meno ya mbele, ambaye kila akitamka "s" hutoka mluzi.

Kijana huyo anaitwa ofisini. Karani anamwomba atamke sentensi ya kipimo, "sisi sote ni salama salimini." Anatamka. Miluzi 5. Karani anaandika 5, kisha kwa huruma anamwambia arudie polepole. Safari hii ni 2. Wastani ni tatu na nusu, na kisanduku cha fomu kinapokea namba kamili tu. Maelekezo nyuma ya fomu yanasema penye nusu, ipandishwe. Karani anaandika 4. Chini ya 4 ni onyo. Kuanzia 4, mhusika anapelekwa "kurekebishwa kinywa". Karani anagonga mhuri, anampa risiti, anamwambia aje na kitambaa safi chake mwenyewe.

Angalia kilichofanya onyesho hilo lishike. Hakuna aliyefanya mzaha. Karani si mjinga wala katili, hata alijaribu kusaidia. Hesabu ni sahihi. Meno yote yamo katika ile nusu iliyopandishwa, na msomaji aliyekuwa akicheka kwenye "salama salimini" anajikuta ameshaumwa. Ongeza kitu kimoja kidogo, kwa mfano mkono wa karani unaotetemeka kwa sababu nyumbani ana birika linalopiga mluzi, halafu ondoka kwenye onyesho. Ukikaa mstari mmoja zaidi kueleza jinsi mfumo ulivyo katili, umeliharibu.

Vijana wenyewe

Kwa nini vijana? Mtu mzima anakumbuka kulivyokuwa kabla, au walau alisimuliwa. Kijana amezaliwa ndani. Lugha ya dola ndiyo aliyojifunzia kusoma, na sare ya chama ndiyo nguo yake ya kwanza mpya. Ujerumani Mashariki mtoto aliingia kwenye jumuiya ya Mapainia akiwa na miaka 6, na akiwa na miaka 14 akahamia Vijana Huru wa Kijerumani. Malawi walikuwepo Malawi Young Pioneers, kikosi cha vijana wa chama chenye silaha, walioanzishwa mwaka 1963 na kunyang'anywa silaha Desemba 1993. Kijana wa namna hiyo hapambani na dola kwa sababu ana nadharia. Anagongana nayo kwa sababu anataka kitu kidogo, na dola imesimama mlangoni.

Kwa hiyo kila mhusika mpe tamaa inayoshikika kwa mkono. "Uhuru" haufai hapa. Mpe viatu, tiketi ya gari moshi, busu, au wimbo mmoja ausikie hadi mwisho. Leningrad, baada ya vita vya pili vya dunia, muziki uliopigwa marufuku ulichongwa kwenye filamu kuukuu za eksirei zilizotupwa na hospitali. Filamu ilikatwa kwa mkasi iwe duara, ikatobolewa katikati, mara nyingi kwa moto wa sigara, ikapigwa upande mmoja tu kwenye gramafoni. Sauti ilikuwa mbovu na santuri iliisha haraka. Watu waliziita mbavu. Shika filamu ya namna hiyo dhidi ya dirisha: unaona kifua cha mgonjwa usiyemjua, na wimbo wa mapenzi umezunguka kwenye mapafu yake. Riwaya yako ikipata kitu kimoja cha aina hiyo, kitaibeba hadi mwisho. Kitafute kabla ya kuandika sura ya kwanza.

Kundi la vijana wanne linatosha. Yuko mwenye tamaa, ambaye msuko wa hadithi unamfuata. Yuko mchuuzi, anayejua kila kitu kinapatikana kwa nani na kwa bei gani. Yuko muumini, anayeiamini dola kwa moyo wote. Na yuko anayepeleka habari.

Muumini asifanywe kinyago. Mara nyingi ndiye anayechekesha kuliko wote kwa sababu anatii kweli, na anayetii kweli ndiye anayefichua kwamba amri haitekelezeki. Mpe ukarimu na akili. Siku dola itakapomgeukia, msomaji aumie.

Mtoa habari ni kazi nzito zaidi. Mwaka 1989 polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, Stasi, walikuwa na waajiriwa zaidi ya 90,000 na watoa habari wa siri zaidi ya 170,000, katika nchi ya watu takriban milioni 16. Kwa idadi hiyo, shushushu si yule mwenye miwani myeusi. Ni rafiki, jirani, pengine mpenzi. Sababu yake iwe ya kawaida: nafasi ya chuo, dawa ya mama, au aibu fulani waliyoigundua wakamshika nayo. Na aendelee kupendeka hata baada ya msomaji kumjua. Wakati mzuri wa msomaji kumjua ni katikati ya kitabu, huku wenzake wakichelewa hadi karibu na mwisho. Kati ya hapo, kila utani wa kundi hilo utakuwa na sumu bila wewe kuongeza neno.

Utani wa kunong'ona

Chini ya tawala hizi utani wenyewe ni kosa la jinai. Ujerumani ya Hitler ilikuwa na sheria ya Desemba 1934 dhidi ya maneno ya hila kuhusu dola na chama. Katika Umoja wa Kisovyeti wa Stalin, kifungu cha 58 cha sheria ya jinai kilitosha kumpeleka mtu kambini kwa kuchekesha wenzake mezani. Mwandishi chipukizi akijua hivyo hukimbilia kujaza kitabu vichekesho vya kumsema mtawala. Usifanye hivyo. Vichekesho hivyo vimezunguka dunia, na msomaji ameshavisikia vikisemwa juu ya watawala kumi tofauti.

Andika chumba badala ya kichekesho. Watu watano wamekaa, mmoja anaanza kusimulia. Nani aliinuka kufunga dirisha? Nani alicheka kabla ya mwisho, na hivyo ameonyesha kwamba alishakisikia mahali pengine? Nani hakucheka? Msimuliaji ana kosa moja, kusema. Waliocheka wana kosa la kucheka, na wote watano wana kosa la kutoripoti hadi kesho asubuhi. Kichekesho chenyewe unaweza kukikatiza kabla ya mwisho. Msomaji atajua kilikuwa kikali kwa jinsi nyuso zilivyobadilika.

Lugha ya msimulizi

Msimulizi asicheke. Hili halina mjadala. Sauti yake iwe ya mtu anayetoa maelezo ya kweli kwa utaratibu, kama anayeeleza njia ya kwenda posta. Akianza kukonyeza msomaji, hofu inatoka dirishani.

Kiswahili kina hazina kubwa hapa. Tuna lugha ya ofisini iliyokomaa, yenye vitenzi visivyo na mtenda: "inaagizwa", "imebainika", "wananchi wanahimizwa", "zoezi limekwenda vizuri". Katika sentensi hizo hakuna aliyefanya jambo lolote, mambo yamejifanya yenyewe. Mhusika anapoanza kuitumia lugha hiyo kwenye mapenzi, "imebainika kuwa nakupenda", msomaji atacheka, kisha ataona kwamba kijana huyu hajawahi kupewa maneno mengine. Itumie kwa hesabu. Mara tatu au nne katika kitabu kizima ni nyingi.

Njia nyingine ni jalada la polisi. Weka ukurasa mmoja wa jalada baada ya kila sura tatu au nne. Mafaili halisi ya Stasi yalifunguliwa kwa walioandikwa humo kwa sheria ya Desemba 1991, na kinachoshangaza ni udogo wa yaliyomo: fulani alitoka, akanunua mkate, akarudi, taa ikazimwa. Stasi walihifadhi hata harufu za watu. Kitambaa kilichokaliwa kwenye kiti cha mahojiano kilifungiwa kwenye chupa ya kioo yenye namba, ili mbwa atumiwe siku ikihitajika. Katika jalada lako, makosa ya mpelelezi yachekeshe: jina limeandikwa vibaya, wimbo wa kanisani umedhaniwa msimbo. Kisha mahali pamoja aandike jambo sahihi kabisa, jambo ambalo watu wawili tu waliokuwa chumbani wangeweza kulijua. Hapo ndipo panya anapong'ata.

Vipimo

Urefu wa maneno 60,000 hadi 80,000 unatosha, katika sura 24 hadi 30. Ucheshi wa aina hii huchosha ukivutwa. Dhara la kwanza lisiloweza kurudishwa liwe limeshatokea kufikia sura ya tano au ya sita. Likichelewa, msomaji anadhani anasoma kitabu salama, na utakapouma atajiona ametapeliwa. Dhara hilo limpate mtu aliyemchekesha. Akifa mtu wa pembeni asiye na jina, umeupamba tu msuko kwa damu.

Vifo vinavyoonekana waziwazi visizidi viwili. Vingine viwe kutoweka: kiti kitupu darasani, jina lililorukwa wakati wa kuita mahudhurio, mwalimu akiendelea bila kuinua macho. Mateso ya mwili usiyafanye kichekesho hata mara moja. Cheka na fomu inayohitajika kabla ya mateso, cheka na foleni ya kuipata, kisha funga mlango. Baada ya dhara kubwa, mtu wa kwanza kutania awe yule aliyefiwa. Akitania mwingine kabla yake, kitabu kimekosa adabu.

Makosa yanayorudiarudia

Kijana mwenye hekima kupita umri ni kosa la kawaida. Anajua kila kitu kuhusu demokrasia na hotuba zake zinafaa gazetini. Mrudishe nyuma. Asijue bei ya jambo analolifanya, kwa kuwa ujinga huo ndio unaochekesha na ndio unaoua. Vijana wa Hamburg waliopenda muziki wa swing enzi za Hitler walianza na nguo ndefu za mtindo na santuri. Mwaka 1941 mamia yao walikamatwa, na wengine wakaishia kambini.

Kosa jingine ni nchi isiyo na harufu: "Jamhuri" fulani, "Kiongozi" fulani, mji usio na mvua wala mboga. Waandishi hufanya hivyo kwa kudhani itakuwa ya watu wote. Badala yake haiwi ya mtu yeyote. Hata nchi ya kubuni inahitaji bei ya sabuni, foleni ya saa ngapi, na rangi ya kadi ya chama. Malawi ya Banda, asiye na kadi ya chama aliweza kuzuiwa kupanda basi au kuingia sokoni. Kadi hiyo moja inakupa sura tatu ukijua iliwekwa mfuko gani na inafanana vipi ikilowa.

Kuna pia kuzidiwa na ukweli. Turkmenistan mwaka 2002 ilibadili majina ya miezi, Januari ikapewa jina la rais na Aprili jina la mama yake. Ukitunga jambo kubwa kuliko hilo msomaji hatakuamini, na ukilinakili atasema umenakili. Suluhisho ni kushuka chini. Andika mtoto aliyezaliwa Aprili, mwalimu wa darasa la kwanza mwenye kalenda mbili kwenye mkoba, na barua ya posa iliyokosea mwezi.

Ukitumia watu waliokusimulia maisha yao, walinde. Badilisha angalau mambo matatu kwa kila mmoja, kama umri, kazi na mahali, na usihifadhi majina yao karibu na maelezo uliyoandika. Kama utawala huo bado upo au warithi wake wapo madarakani, fanya hivyo kabla ya rasimu ya kwanza, usingoje mhariri akukumbushe.

Mwisho wa kitabu

Dola kuanguka ghafla ukurasa wa mwisho ni zawadi ambayo wahusika hawakuifanyia kazi. Kweli, historia huanguka hivyo. Jioni ya Novemba 9, 1989 msemaji wa chama Berlin Mashariki aliulizwa ruhusa mpya ya kusafiri inaanza lini. Akapekua karatasi zake, akajibu kwamba kadiri anavyojua ni mara moja, bila kuchelewa. Mpango ulikuwa kesho yake. Usiku huo ukuta wa Berlin ukafunguka. Tukio la namna hiyo linafaa tu ikiwa kitabu kizima kimetuonyesha jinsi karatasi zinavyosomwa vibaya katika nchi hiyo.

Njia iliyo salama zaidi ni kurudi kwenye amri mama. Ile ya miluzi inafutwa, kwa tangazo dogo kuliko lile lililoiweka. Karani anapeleka birika lake jikoni na kuliacha lichemke na mfuniko juu. Kijana sasa ana miaka 20 na safu ya meno ya bandia, mazuri, yaliyolipiwa na serikali. Anasimama mtaani, anakaza midomo, anapuliza. Inatoka hewa tupu. Anajaribu tena, na mtoto anayepita anamwonyesha jinsi ya kukunja ulimi.

Usiandike kwamba alilia. Andika mtoto alivyokunja ulimi.